Mwalimu Akitoka Darasani

(Mhadhara kwa wazazi, walezi na walimu, siku ya wazazi ya shule ya msingi, Dar es Salaam)

 

Mwalimu Mkuu aliponiomba nije kuzungumza, alinieleza jambo linalowachosha walimu wa madarasa ya chini. Mwalimu akiwapo, darasa limetulia. Akiitwa ofisini kwa dakika tano tu, akirudi anakuta madawati yamesogezwa, daftari limechanwa, mmoja analia na aliyemliza anamsingizia mwenzake. Walimu wanasema watoto wa siku hizi hawana adabu. Mimi naona hivi: watoto wale wanazijua kanuni za darasa vizuri kabisa, ndiyo maana mwalimu akiwapo wanazifuata. Walichokosa ni uwezo wa kujizuia wenyewe jicho la mkubwa linapoondoka. Na uwezo huo wangepaswa kuja nao kutoka nyumbani, angalau nusu yake, waukamilishe hapa.

Nitasema wazi tangu mwanzo. Wengi wetu tumewazoesha watoto kutuogopa, tukadhani tumewafundisha kujitawala. Mtoto mwoga na mtoto anayejitawala wanafanana sana mbele ya mgeni, wote wawili wamekaa kimya, mikono mapajani. Ukiondoka ndipo utakapowajua.

Kwa nini tulihangaikie jambo hili? Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa kati ya mwaka 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni hadi utu uzima. Mwaka 2011 mtafiti Terrie Moffitt na wenzake walitoa matokeo yaliyowagusa watu wengi. Watoto walioonekana tangu wadogo kuwa na pupa, kukosa subira na kushindwa kumaliza walichoanza, walipofika umri wa miaka 32 walikuwa na afya mbaya zaidi, walisumbuliwa zaidi na madeni, na wengi zaidi kati yao walikuwa wamewahi kutiwa hatiani mahakamani, wakilinganishwa na wenzao walioweza kujizuia. Watafiti walizingatia pia akili za darasani na kipato cha wazazi, na bado tofauti ilibaki. Lakini kipande ninachokipenda ni hiki: wale walioanza vibaya kisha wakajirekebisha kadiri walivyokua, mambo yao yalikuwa nafuu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo mtoto hazaliwi na fungu lake la subira likaishia hapo. Linaongezeka, kama kuna anayemsaidia kuliongeza.

Tena linaongezeka polepole. Sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, inayotusaidia kusita kabla ya kutenda, haijakomaa kabisa hata kwa kijana wa miaka ishirini. Hupiga hatua kubwa kati ya miaka mitatu na saba, yaani kuanzia mtoto anapojifunza kuongea sawasawa hadi anapofika darasa la kwanza au la pili. Mama anayemkasirikia mtoto wa miaka minne kwa kushindwa kukaa nusu saa bila kuchezacheza anamdai deni ambalo mtoto hajakopeshwa.

Sasa niingie kwenye fimbo. Najua hapa tutapishana, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho.

Kanuni za viboko shuleni Tanzania Bara, za mwaka 2002, zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Jirani zetu Kenya walikwisha kuvifuta shuleni mwaka 2001. Lakini fimbo nyingi wanazopigwa watoto wetu hazimo katika kitabu chochote. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya Watanzania, wa kike kwa wa kiume, waliwahi kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Na mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti wao wa watoto 409 wa shule ya msingi hapa hapa Tanzania. Asilimia 95 waliwahi kuchapwa na mzazi au mlezi. Kadiri mtoto alivyochapwa zaidi, ndivyo alivyoonekana mgomvi zaidi, asiyetulia zaidi, na asiyewasaidia wenzake.

Mzazi makini atauliza: je, si kwamba mtoto mtundu ndiye anayechapwa zaidi? Swali hilo ni la haki, na utafiti ule peke yake hauwezi kulijibu. Upo mwingine unaosaidia. Victoria Talwar, Stephanie Carlson na Kang Lee walikwenda Afrika Magharibi wakalinganisha shule mbili za binafsi. Moja ilitumia fimbo, makofi na kufinya. Nyingine ilitumia karipio na kumtenga mtoto kidogo. Watoto wa elimu ya awali wa shule hizo mbili hawakutofautiana sana katika mazoezi ya kujizuia. Walipopimwa wa darasa la kwanza, wa shule isiyotumia fimbo walikuwa wamewaacha wenzao mbali. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011. Watoto waliopimwa walikuwa 63 tu, nami sitaki kuyabebesha zaidi ya uwezo wake. Lakini yanalingana na anachokiona kila mwalimu aliyefundisha miaka mingi: mtoto anayesukumwa na fimbo hutii haraka, ila ile kazi ya kujiuliza “nifanye au nisifanye?” hufanyiwa na mtu mwingine kila siku. Asipoifanya mwenyewe, atajifunzia wapi?

Hapo wengine mtadhani nasema tuwaache watoto wafanye wapendavyo. Hapana. Mwaka 2018 Bettina Lamm na wenzake walichapisha ulinganisho wa watoto wa miaka minne wa Ujerumani na watoto wa Wanso, wakulima wa kaskazini-magharibi mwa Kamerun. Mtoto aliwekewa kitafunwa mbele yake. Wa Kamerun waliwekewa kile kiandazi chao kinachoitwa puff-puff, ndugu wa kalimati zetu. Aliambiwa: ukikila sasa ni hicho kimoja, ukisubiri nirudi utapata viwili. Wajerumani waliosubiri dakika kumi zote hawakufika watatu kati ya kumi. Wanso walikuwa karibu saba kati ya kumi. Walikaa kimya, baadhi wakasinzia wakiwa kitini. Mama wa Kinso ni mkali. Anategemea mtoto amsikie, amheshimu mkubwa na asifanye fujo kwa kila anachokitaka. Msimamo nyumbani unamfaa mtoto. Ninachokikataa ni kuuchanganya msimamo na kipigo, kwa sababu mzazi anaweza kuwa na msimamo bila kumgusa mtoto, na wapo wanaopiga kila siku huku nyumba haina msimamo wowote.

Kipimo hicho cha kitafunwa kilibuniwa na Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu watu walikitaja kama kwamba kinabashiri maisha yote ya mtoto. Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walikipima upya kwa takwimu za watoto zaidi ya 900, wakakuta kwamba ukizingatia hali ya nyumbani kwao, nguvu ya ubashiri ule inapungua sana. Kumbe mengi tuliyodhani yamo ndani ya mtoto yalikuwa yamo ndani ya nyumba.

Nyumba hiyo ina nini basi? Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo penye moyo wa maneno yangu.

Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake, wa Rochester, Marekani, walifanya jambo dogo. Waliwachukua watoto 28 wa miaka mitatu hadi mitano. Kabla ya kipimo cha kitafunwa, kila mtoto alipewa kalamu za rangi zilizochakaa, akaambiwa: subiri, nakuletea nzuri zaidi. Kwa nusu ya watoto, mkubwa alirudi na kalamu nzuri kama alivyoahidi. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akasema samahani, kumbe hazipo. Ndipo kitafunwa kikaletwa. Watoto walioona ahadi ikitimizwa walisubiri kwa wastani wa dakika kumi na mbili. Walioona ahadi ikivunjwa walisubiri dakika tatu. Tofauti yote hiyo ilitokana na neno la mtu mzima, alilolitimiza au alilolivunja dakika chache kabla.

Tujitazame. Mama anataka kwenda sokoni, mtoto analia. Anaambiwa, “Nenda kamwangalie kuku kule nyuma,” naye mama anatokea mlango wa mbele. Mtoto akirudi, mama hayupo. Kesho yake mtoto yule atamng'ang'ania mama khanga tangu alfajiri, nasi tutasema ana deko. Amejifunza kwamba ukigeuza macho tu, unaachwa. Ingekuwa bora kumwambia: naenda sokoni, utalia, nitarudi kabla ya chakula cha mchana. Kisha arudi kabla ya chakula cha mchana.

Au sikukuu. Idi imefika, Krismasi imefika, mjomba kampa mtoto noti ya shilingi elfu tano. Mama anasema, “Nipe nikutunzie.” Fedha ile inaingia kwenye mboga, kwenye umeme, na haionekani tena. Najua hali za maisha. Sitamlaumu mama aliyetia shilingi elfu tano kwenye unga. Lakini mtoto ameandika somo moyoni: aliyeitunza fedha ameipoteza, mwenzake aliyekimbilia dukani kununua barafu na kashata angalau alikula. Mwakani hatampa mama. Miaka kumi baadaye tutamkuta anatumia mshahara wote ndani ya wiki moja na tutashangaa. Kama fedha imelazimika kutumika, mwambie. Mwambie lini utarudisha, rudisha hata kidogokidogo, mbele ya macho yake.

Nasi huahidi sana kwa sababu ahadi hunyamazisha kilio. Jumapili nitakupeleka Coco Beach. Ukiingia kumi bora nitakununulia baiskeli. Nawaomba tupunguze ahadi kwa nusu, na hiyo nusu iliyobaki tuitimize yote.

Kuna jambo ambalo sisi Waafrika tulikuwa nalo tayari, nalo ni kumtuma mtoto. Robert Serpell, aliyefanya utafiti kwa miaka mingi miongoni mwa Wachewa wa mashariki mwa Zambia na kuandika kitabu mwaka 1993, aliwauliza watu wazima wa kijijini: kukiwa na kazi fulani ya kufanywa, ungemtuma mtoto yupi, na kwa nini? Katika majibu yao akili ya mtoto ilipimwa pamoja na kuaminika kwake: anayesikia, anayekwenda, anayerudi, anayekamilisha. Mtoto anayetumwa dukani na shilingi elfu mbili akanunue chumvi na mafuta ya taa anapita mbele ya ubuyu, mbele ya wenzake wanaocheza mpira, mbele ya mbwa wa jirani, na chenji iko mkononi. Safari hiyo ni somo zima la kujitawala. Magari na hatari za mjini zimetufanya tuache kuwatuma, na nawaelewa wanaohofia. Basi tuwatume ndani ya uzio: kagawe chakula kwa wadogo zako, wewe ujipakulie mwisho, osha vikombe vyote, usiache kimoja, mwaga maji kwenye mchicha kila jioni wiki nzima. Na mtoto wa darasa la tatu apewe fedha ya shule ya siku mbili kwa pamoja badala ya moja. Akiimaliza Jumatatu, Jumanne asiongezewe, mradi kuna uji shuleni wa kumshibisha. Msimfanyie hivyo mtoto mwenye njaa. Mwenye njaa hana subira ya kufundishwa, na mzazi anayetoa mchango wa uji amekwisha kumsaidia mwalimu kazi hiyo.

Tena kuna michezo. Wengi tulicheza ule mchezo wa nyama: kiongozi anataja wanyama harakaharaka, akitaja anayeliwa wote wanaitikia na kuruka, akitaja asiyeliwa wote kimya. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, halafu ghafla, paka! Aliyeruka anatoka. Huko Marekani wataalamu akina Megan McClelland wametengeneza kipimo ambacho mtoto akiambiwa ashike kichwa anatakiwa ashike vidole vya miguu, na wanaofanya vizuri huelekea kufanya vizuri hata katika kusoma na hesabu. Kipimo chao na mchezo wetu vinadai kitu kilekile: mwili unataka kuruka, akili inasema ngoja. Katika rede, binti aliye katikati anajaza mchanga kwenye chupa huku anakwepa mpira, na akiwa na papara chupa haijai. Kombolela inamfundisha aliyejificha kubana pumzi na kungoja wakati wake. Mwaka 1948 mtafiti wa Kisovieti, Manuilenko, alionyesha kuwa mtoto mdogo akiambiwa tu asimame bila kutikisika hadumu, lakini akiwa mchezoni amepewa uaskari wa kulinda lango, anasimama muda mrefu zaidi. Mchezo wenye kanuni humpa mtoto nguvu asiyokuwa nayo nje ya mchezo. Kwa hiyo mtoto aliyekabidhiwa simu ya katuni kila anapolia amenyimwa mara mbili: kilio chake kimezimwa kabla hajajifunza kukituliza mwenyewe, na saa ya kombolela imekwenda.

Wazee wa pwani walijua kupanda hatua kwa hatua. Mwezi wa Ramadhani mtoto asiyefikia umri hulazimishwi kumfungisha, ila mwenyewe anataka. Anaruhusiwa kufunga hadi adhuhuri, anasifiwa, anafuturu na wakubwa. Mwakani anavuta hadi alasiri. Hakuna anayemsimamia jikoni. Mtungi wa maji uko pale pale. Sijaona mpango wa malezi ulio bora kuliko huo: lengo dogo analoliweza, alilolichagua mwenyewe, linaloongezwa mwaka hadi mwaka, mbele ya watu wanaofanya jambo hilohilo.

Hilo la mwisho linanileta kwenye siku kama ya leo. Siku ya wazazi, mahafali ya darasa la saba, kikao cha mwisho wa muhula, michezo ya UMITASHUMTA ya shule za msingi: tunaziita sherehe, lakini kwa mtoto ndizo siku chache anazowaona wazazi wake, walimu wake na majirani zake mahali pamoja, akawatazama wanavyojizuia. Anatazama nani anakata foleni ya pilau. Anatazama mzazi anayesimama na simu mbele ya watoto wa wengine ili amrekodi wa kwake. Anasikia zawadi ikitangazwa jukwaani, na anakumbuka kama ililetwa. Soda iliyoahidiwa kwa watoto ikiishia meza kuu, hiyo ni kalamu ya rangi isiyoletwa, na safari hii imevunjwa ahadi kwa shule nzima kwa siku moja.

Halafu kuna suala la mgeni rasmi. Katika shule nyingi watoto hupangwa mistari saa mbili asubuhi, mgeni akafika saa sita. Watu husema wanajifunza uvumilivu. Hawajifunzi. Subira hukua pale mtoto anapojua anasubiri nini na hadi lini, na kungoja kwake kukalipwa. Kusubiri juani bila kujua mwisho kunamfundisha kwamba muda wake hauna thamani, na kwamba aliye mkubwa hafungwi na neno lake.

Lakini shughuli hizi zina hazina pia. Chukueni ngonjera, aina ya utungo inayohusishwa sana na Mathias Mnyampala, aliyeiona kama chombo cha kuelimisha umma baada ya Azimio la Arusha. Mtoto wa ngonjera anaujua ubeti wake, ulimi unamwasha, na bado lazima amngoje mwenzake amalize, amsikilize, ndipo ajibu. Mwenzake akisahau, hamcheki, anamnong'oneza. Mazoezi ya wiki tatu ya ngonjera yanafanya kazi ambayo karipio la mwaka mzima haliwezi. Ndivyo ilivyo kwa ngoma, ambapo mpiga msondo lazima aache mkono hewani hadi zamu yake. Nasikitika shule nyingi siku hizi zinaweka spika kubwa na muziki wa kurekodiwa, watoto wakacheza kila mtu kivyake. Rudisheni ngonjera, na majukwaani wapandisheni watoto wengi wa kawaida badala ya wale watano wanaopendwa kila mwaka.

Kwa mahafali yajayo nina maombi kwa Kamati ya Shule, na nimekwisha kumdokeza Mwenyekiti. Ratiba ibandikwe ukutani wiki moja kabla, kila darasa lisomewe, na hata wa awali waelezwe kwa michoro: kwanza wimbo, kisha ngonjera, kisha chakula. Wa darasa la sita wapewe kazi za kweli, kuongoza foleni, kugawa maji, kulinda viatu vya wacheza ngoma, bila mwalimu kuwasimamia kila dakika. Wakikosea, waachiwe nafasi ya kurekebisha. Wa awali wasikae zaidi ya dakika ishirini bila kunyanyuka na kucheza, na wazee wetu hawa walioketi mbele waombwe kuwachezesha michezo ya zamani, mdako na kombolela, maana wapo hapa wanaoijua kuliko sisi. Watoto waanze kula, wakubwa wafuate. Zawadi isiyokuwapo mkononi isitangazwe.

Na barua ya mwaliko kwa mgeni rasmi itaje saa tatu kamili, tuanze saa tatu kamili. Akichelewa, atatukuta tumeshaanza, apewe kiti chake kwa heshima zote, na ngonjera iendelee. Wazazi wanaokubaliana na hilo wabaki baada ya chakula. Katibu ana daftari, tuandike majina ya watakaokuja mapema siku hiyo kupanga viti.